Wameiba Laptopu Yako? Soma Hapa Kabla Hujaenda Kariakoo

Ilikuwa saa kumi alfajiri, Mabibo, chumba cha chini kinachotazama uchochoro. Nilishtuka kwa baridi iliyokuwa ikipita mahali isipostahili. Wavu wa mbu ulikuwa umechanwa kwa wembe, na mkoba niliouacha juu ya kiti haupo. Nje, chini ya dirisha, niliokota ufito mrefu wenye ndoano ya waya nchani. Hawakuingia ndani kabisa. Waliuvua mkoba kama mtu anavyovua samaki, nami nimelala hatua mbili kutoka hapo.

Kazi yangu ni kunukuu mahojiano. Watafiti wananiletea sauti, mimi naziandika neno kwa neno, na mara nyingine naenda mwenyewe kurekodi. Ndani ya ile laptopu kulikuwa na mahojiano 11 ya akina mama waliozungumza habari za uzazi wao, mambo ambayo wengine hawajawahi kuwaambia hata waume zao. Saba yalikuwa na nakala kwa mtafiti. Manne nilikuwa nimeyarekodi mwenyewe Kisarawe wiki ile, na hayakuwa mahali pengine popote. Tena diski yenyewe haikuwa imefungwa kwa usimbaji, ule unaofanya yaliyomo yasisomeke bila ufunguo. Yeyote aliyeichomoa na kuichomeka kwenye mashine nyingine angeweza kusikiliza kila kitu. Hasara ya fedha niliilipa ikaisha. Hilo la sauti za wale mama linaniuma hadi leo, na ndilo lililonifanya nijifunze haya yote kwa makini.

Nilipata nyingine baada ya siku 12, nyepesi, kwa TSh 580,000. Nitakueleza nilivyoichagua, ili na wewe usiuziwe mzigo mbovu, wala usije ukanunua laptopu ya mtu aliyelia kama wewe.

Kwanza shika simu

Najua akili inakimbilia dukani. Isubirishe. Ingia kwenye akaunti yako ya Google kwa simu, fungua sehemu ya usalama, utaona orodha ya vifaa vyote vilivyofunguliwa kwa jina lako. Iondoe ile laptopu. Fungua WhatsApp, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, iondoe na huko. Kisha badilisha nywila, na anza na ya barua pepe, kwa sababu anayeishika barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya ya kitu kingine chochote na ikamfikia yeye. Kama ulikuwa umehifadhi nywila za benki kwenye kivinjari, wapigie benki asubuhi hiyo hiyo.

Halafu nenda polisi ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao. Watakuuliza namba ya utambulisho ya mashine (serial number), ile ndefu inayoandikwa chini ya laptopu na pia kwenye boksi. Mimi boksi lilikuwa bado juu ya kabati, nikashukuru. Bila namba hiyo, taarifa yako inabaki "laptopu nyeusi", na laptopu nyeusi Dar es Salaam ni nyingi kuliko kunguru.

Kama ulikuwa umebeba kazi za watu, waambie siku hiyo hiyo. Nilimpigia mtafiti saa mbili asubuhi, sauti inatetemeka. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama mimi mwenyewe ni mzima. Sitamsahau.

Usinunue ile iliyoibiwa

Namaanisha usikimbilie kununua mfano ule ule kwa sababu mikono imeuzoea. Yangu ilikuwa ya inchi 15.6, na laptopu za ukubwa huo kwa kawaida zina karibu kilo mbili au zaidi, hujaweka chaja. Nilikuwa nikisimama nayo kwenye mwendokasi kutoka Shekilango hadi Kivukoni, bega moja limeshuka, na nilishazoea kudhani maumivu ya shingo ni ya uzee. Kutumia miaka mitatu na kitu kizito hakukufanyi ukihitaji.

Chukua karatasi uandike unachofanya kwa siku ya kawaida. Yangu ilikuwa hivi: kuandika kwenye Word, kusikiliza sauti kwa spika za masikio, kufungua kurasa kumi au kumi na tano za intaneti kwa pamoja, mkutano wa video mara mbili kwa wiki. Hakuna kuhariri filamu, hakuna michezo. Kazi kama hizo hazihitaji mashine ya milioni mbili. Zinahitaji ramu (kumbukumbu ya kazi ulizofungua) ya GB 8, diski ya SSD (hifadhi ya faili iliyo ya haraka) ya GB 256, prosesa (ubongo wa mashine) ya miaka ya karibuni, kibodi isiyochosha vidole, na betri itakayovumilia umeme ukikatika. Kwa wepesi, tafuta kioo cha kati ya inchi 12.5 na 13.3. Ukiwa na macho yanayochoka, inchi 14 inabebeka bado.

Kisha andika fedha uliyonayo. Mimi nilikuwa na TSh 350,000 za akiba, na kikoba chetu kilinikopesha 300,000. Jumla 650,000, na humo nilitenga 70,000 ambazo sikutaka muuzaji azione: za diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Usiende dukani na fedha yote ikiwa ya laptopu peke yake. Utarudi na mashine isiyo na ulinzi, na tutarudi pale pale tulipoanzia.

Mpya ya bei rahisi, au iliyotumika ya ofisini?

Hapa nina msimamo, na nautetea. Kwa fedha ya namna hiyo, laptopu mpya utakayoonyeshwa inang'aa, ina boksi na nailoni, lakini ndani mara nyingi ni prosesa dhaifu ya Celeron, ramu ya GB 4 iliyogandishwa kwenye bodi, na hifadhi ya aina ya eMMC, iliyo polepole kuliko SSD, ya GB 64. Windows 11 yenyewe inataka angalau GB 64 ili isimame. Hesabu kilichobaki kwa ajili ya kazi zako. Miezi sita baadaye inaanza kuwaza kila ukibonyeza kitu, na huwezi kuiongezea chochote.

Zile zilizotumika ninazozisifu ni za daraja la ofisi. Makampuni ya Ulaya na Marekani huzinunua au kuzikodi kwa mafungu, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huziuza kwa jumla, na nyingi hupitia Dubai kabla ya kufika kwetu. Zilitengenezwa zifunguliwe na mafundi, kwa hiyo kibodi, betri, bawaba na hata vioo vyake vinapatikana. Majina ya kushika ni matatu: HP EliteBook, Lenovo ThinkPad na Dell Latitude. Kila kampuni kati ya hizo ina laptopu nyingine za kawaida za nyumbani, hivyo jina la kampuni halitoshi. Muuzaji akikuambia "hii ni HP", muulize ni HP gani.

Sasa jifunze kusoma namba ya prosesa, maana hapa ndipo wengi wanapigwa. Ukiona i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari inakuambia ni kizazi cha 6. i5-8250U ni kizazi cha 8. Kwa i5-1135G7 unasoma tarakimu mbili za kwanza: ni kizazi cha 11. Kwa hiyo i7 ya kizazi cha 4 si bora kuliko i5 ya kizazi cha 8, hata muuzaji akiapa. Ile U mwishoni inaonyesha ni prosesa inayokula umeme kidogo, ndiyo ya laptopu nyepesi.

Kwa nini nasisitiza kizazi cha 8? Sababu mbili. Ya kwanza, i5 za U za kizazi cha 7 kama i5-7200U zilikuwa na viini 2, yaani sehemu mbili za kufanyia kazi kwa pamoja. I5-8250U ikaja na viini 4. Tofauti hiyo unaisikia ukiwa kwenye mkutano wa video huku unaandika. Ya pili, Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana. Muuzaji anaweza kukuwekea Windows 11 kwa njia za panya kwenye mashine ya kizazi cha 6, na itawaka. Lakini Microsoft haikuahidi kuendelea kuihudumia mashine hiyo.

Kama mfuko wako unaishia laki nne, usikate tamaa. ThinkPad X270 au EliteBook 820 G3 ni mashine nzuri za inchi 12.5, na ukizifunga Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambao ni bure, zitakufanyia kazi za kuandika na intaneti kwa miaka. Mdogo wangu anatumia hivyo chuoni. Ukifika kwenye laki sita hivi, angalia hizi za mwaka 2018: EliteBook 830 G5, Latitude 7290, ThinkPad X280. Zote tatu zinachajiwa pia kwa waya wa USB-C, maana yake chaja yake ikifa safarini unaazima ya mtu, au unatumia pawabenki yenye nguvu ya kutosha. Kwetu umeme unapokatika mchana kutwa, hilo ni jambo kubwa.

X280 ndiyo nyepesi kuliko zote hizo, kilo 1.2 haifiki, lakini ramu yake imegandishwa kwenye bodi. Ukinunua yenye GB 8, utazikwa nayo ikiwa na GB 8. Latitude 7290 ina nafasi moja ya ramu. EliteBook 830 G5 ina nafasi mbili, uzito wake ni kama kilo 1.3 na kitu, kioo inchi 13.3. Niliandika jina hilo juu ya karatasi na kulipigia mstari. Anayetaka betri kuliko wepesi atafute ThinkPad T480: ina betri mbili, moja ndani na moja ya nje unayoibadilisha bila kuzima, ila inakaribia kilo 1.6.

MacBook Air ya M1 ni nzuri sana na haina hata feni, lakini bei yake ilikuwa nje ya uwezo wangu, na iliyotumika inahitaji uangalifu wake: kama mwenyewe hajaiondoa kwenye akaunti yake ya Apple, umenunua sinia. Chromebook (laptopu za mfumo wa Google) za shule zilizotumika zina tatizo linalofanana, zinaweza kuwa bado zimefungwa kwa akaunti ya shule, na kila moja ina tarehe ambayo masasisho yake yanakoma. Uliza tarehe hiyo kabla ya bei.

Ile niliyoikataa

Siku ya tatu ya kuzunguka, kijana mmoja aliniita pembeni. Alikuwa na laptopu nzuri kweli, nyembamba, kizazi cha 10, anataka laki tatu. Haikuwa na chaja. Karatasi ya namba chini yake ilikuwa imekwanguliwa kwa kucha au kisu. Alipoiwasha, ikatokea picha ya mtoto mchanga na jina la mwanamke, inaomba nywila. Akaniambia, "Dada, hiyo fundi anaitoa dakika kumi tu."

Nilisimama pale na laki tatu zipo kwenye pochi. Nilikuwa naihitaji laptopu kuliko chakula. Lakini nilijua kuna mahali mtu anazunguka na RB mkononi, na labda picha za yule mtoto hazipo pengine. Nilimrudishia nikaondoka.

Kwa hiyo ukitaka alama za mali ya wizi, ni hizo: bei iliyo nusu ya sokoni, hakuna chaja, namba imekwanguliwa au haifanani na ile iliyomo ndani ya mashine, akaunti ya mtu bado ipo, muuzaji hana fremu wala risiti na anataka mmalizane barabarani. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na ukikamatwa nayo huna cha kuonyesha. Ila hata kama sheria isingekuwepo, soko la wale waliovua mkoba wangu linaishi kwa wanunuzi. Tafadhali usiwe mmoja wao.

Jinsi ya kuipima pale pale dukani

Nenda asubuhi, siku ya kazi, na usiwe na haraka. Kariakoo utapokelewa na mawinga, wale madalali wa barabarani, kabla hujafika dukani. Ni watu wanaotafuta riziki, wengi waungwana, lakini ukiingia dukani umeongozana na winga, cha juu chake kinawekwa kwenye bei yako. Niliwajibu kwa heshima, "Asante kaka, kuna mahali naelekea," nikaingia mwenyewe kwenye maduka matano, nikaandika bei za 830 G5 kwenye daftari. Tofauti kati ya la chini na la juu ilikuwa TSh 140,000 kwa mashine zinazofanana.

Beba fulashi, spika za masikio zenye waya, simu yenye bando, na kitambaa laini. Mwombe muuzaji akuwekee laptopu ikiwa imezimwa kabisa, uiwashe mwenyewe.

Kabla Windows haijafunguka, ingia BIOS, ile menyu ya mashine yenyewe inayotangulia Windows. Kwa HP unabonyeza F10 mfululizo, kwa Dell F2, kwa ThinkPad F1. Ikiomba nywila ambayo muuzaji haijui, funga kioo, shukuru, ondoka. Nywila ya BIOS kwenye mashine hizi za ofisi haitoki kwa kuzima na kuwasha. Ikifunguka, soma namba ya utambulisho iliyomo humo na ulinganishe na iliyobandikwa chini ya mashine. Soma prosesa na ramu hapo hapo, kwa sababu maandishi ya ndani ya Windows yanaweza kuchezewa, ya BIOS ni vigumu. Tazama pia kama kuna mstari wa Computrace au Absolute unaosema umewashwa: hicho ni chombo cha kampuni kufuatilia mashine yake, na kama bado kinafanya kazi, kuna mwenye mali ambaye hajaiachia.

Kuna mtego mwingine ambao nilifundishwa na fundi mmoja mzee wa Magomeni, nami nakupa bure. Baadhi ya laptopu hizi bado zimesajiliwa kwenye mfumo wa kampuni ya zamani. Muuzaji anaifunga Windows bila intaneti, kila kitu kinaonekana safi. Siku utakapoifuta na kuianzisha upya ukiwa na mtandao, linajitokeza jina la kampuni ya nje na kukudai barua pepe ya kazini. Dawa yake ni kuomba mashine ifutwe na kuanzishwa upya mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yako. Inachukua saa nzima au zaidi. Mwenye duka alinitazama, akasema, "Dada, wewe umekuja kweli." Nikaenda kula chipsi mayai jirani, nikarudi, ikawa safi.

Betri ipime mara mbili. Kwanza fungua ile sehemu nyeusi ya kuandikia amri (Command Prompt), andika

powercfg /batteryreport

ubonyeze Enter. Itakuambia imehifadhi ripoti wapi. Ifungue kwa kivinjari. Tafuta DESIGN CAPACITY, uwezo wa betri ilipozaliwa, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wake wa leo. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Kama ilizaliwa na 50,000 na leo inashika 38,500, imebaki asilimia 77, na hiyo ni nzuri kwa mashine ya umri huo. Chini ya 60, dai bei ya betri mpya ipunguzwe. Lakini kuna betri za bandia na nyingine zilizochezewa zinazotoa ripoti za uongo, ndiyo maana ya kipimo cha pili: chomoa chaja, weka video icheze, tazama saa. Yangu ilishuka asilimia 9 kwa dakika 20. Piga hesabu: kama saa tatu na dakika 40 za video. Ya duka lililotangulia ilikuwa na ripoti nzuri, ikashuka asilimia 31 kwa muda huo huo.

Kibodi, fungua ukurasa mtupu uandike kila herufi. Usiandike sentensi tu, kwa sababu Kiswahili hakina Q wala X, na unaweza kuandika barua nzima usigundue kwamba mojawapo imekufa. Bonyeza namba zote, mishale, Shift ya kulia na ya kushoto, na kile kitufe kirefu cha nafasi kwenye ncha zake zote mbili.

Kioo, weka picha nyeupe tupu halafu nyeusi tupu, utaona madoa na sehemu zilizofifia. Kisha kitazame kutoka ubavuni. Hapa sikuwa na mzaha, maana natazama maandishi saa nane kwa siku. Mashine nyingi za inchi 12.5 zina kioo cha 1366 kwa 768, ambacho ukisogea kidogo rangi zinageuka. Uliza cha 1920 kwa 1080. Maduka mengi yanazo zote mbili na bei hazipishani sana, ila hawatakuambia usipouliza.

Chomeka fulashi kila tundu. Chomeka spika za masikio, rekodi sauti yako kwa maiki ya ndani uisikilize. Washa kamera. Fungua na ufunge kioo polepole mara kumi. Bawaba ikilia au kioo kikitikisika peke yake, acha. Hesabu skrubu za chini, skrubu zinazokosekana zinasema fundi alipita bila uangalifu. Nilikuwa na programu ya CrystalDiskInfo kwenye fulashi, inakuonyesha afya ya SSD kwa asilimia na saa ilizofanya kazi. Mwisho iache video ikiendelea, weka kiganja chini yake baada ya nusu saa. Joto ni kawaida. Kuunguza si kawaida, na feni inayokwaruza si kawaida.

Usione aibu kwa muda unaotumia. Muuzaji mwaminifu hatachukia, kwa sababu mteja aliyepima vizuri harudi kesho kugombana.

Bei na risiti

Alianzia 680,000. Nilimwonyesha daftari langu la bei, nikamwonyesha mkwaruzo mmoja mgongoni na kwamba chaja si ya asili. Tukafika 580,000 pamoja na begi la sponji la kuvalisha. Usiseme "punguza" tupu. Taja kasoro uliyoiona, mpe sababu ya kushuka.

Dai risiti ya EFD, na namba ya utambulisho ya mashine iandikwe juu ya karatasi ya waranti, pamoja na muda wake na nini kinahusika. Nilipata miezi mitatu kwa bodi na kioo, betri haimo. Wapo watakaokuambia bila risiti wanakupunguzia. Usikubali. Karatasi hiyo ndiyo inayosema mashine ni yako, ukisimamishwa njiani usiku, na Mungu aepushe, ukienda tena kuomba RB.

Usiku wa kwanza nyumbani

Kabla sijahamisha faili hata moja niliwasha BitLocker, chombo cha usimbaji ambacho kipo kwenye Windows Pro, na EliteBook nyingi zinakuja nayo. Windows ya kawaida ina usimbaji wa kifaa kwenye mashine nyingi, utafute kwenye mipangilio ya faragha na usalama. Kwa wa Linux Mint, chagua kusimba diski wakati wa kuifunga. Ule ufunguo mrefu wa akiba uandike kwenye karatasi, uiweke mbali na laptopu. Mimi upo kwa mama yangu Morogoro, ndani ya Biblia yake. Sasa akiiba mtu, ameiba chuma.

Nilipiga picha namba ya utambulisho, risiti na mashine yenyewe, nikazituma kwenye barua pepe yangu. Diski ya nje niliinunua kwa zile 70,000 nilizoficha, nayo nikaisimba. Google Drive inatoa GB 15 bure, zinatosha kwa maandishi. Sauti zinakwenda kwenye diski ya nje kila jioni, na diski hailali chumba kimoja na laptopu. Laptopu inalala ndani ya kabati, ukuta wa mbali na dirisha. Fundi aliniwekea wavu wa chuma dirishani kwa TSh 45,000, na sijui kwa nini sikuuweka miaka mitatu iliyopita.

Mwezi uliofuata niliongeza ramu ya GB 8 kwenye ile nafasi ya pili, fundi akafanya kwa robo saa. Kisha nikaenda Kisarawe. Niliwaambia wale mama wanne ukweli wote, kwamba sauti zao ziliibwa na kwamba nilipaswa kuzilinda vizuri zaidi. Mmoja alikataa kurudia, na ana haki. Watatu walikubali. Kila tulipomaliza na mmoja, nilihamisha sauti yake kwenye diski ya nje palepale, kabla sijanyanyuka kwenye mkeka.